Nani aliandika 14? Historia ya matoleo na ukaguzi wa hati inayoandikwa na watu wengi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya kazi kwenye shirika dogo hapa Ilemela, Mwanza. Tunaandaa mwongozo wa utunzaji wa samaki kwa wachuuzi, madereva wa magari ya barafu na vikundi vya BMU (vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi), kama kurasa sitini hivi. Waandishi tuko saba: wanne ofisini, wawili Ukerewe na mmoja Sengerema. Mtu akimaliza sehemu yake anatuma faili la Word kwenye grupu la WhatsApp, mwingine anapakua, anarekebisha, anarudisha. Mkurugenzi anaprinti na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa tuna mafaili ishirini: Mwongozo FINAL, Mwongozo FINAL 2, Mwongozo FINAL ya Mkurugenzi, Mwongozo FINAL KABISA. Mwezi uliopita tulichapisha, na tulipokwisha kusambaza ndipo ofisa mmoja akaona kwamba pale panapotakiwa samaki atunzwe “nyuzi 0 hadi 4” pameandikwa “nyuzi 0 hadi 14”. Kila mtu anasema si yeye, na mkurugenzi anataka ajulikane. Mwenzangu mmoja anasema tununue programu ya kulipia inayotunza historia. Mwingine anasema tukihamia Google Docs yatakwisha yote. Mimi nina wasiwasi kwa sababu mtandao wa Ukerewe unakuja na kuondoka, na umeme vilevile. Tufanyeje tujue nani alibadilisha nini, na kosa kama hili lisipite tena?

JIBU: Ndugu yangu, poleni sana. Kabla sijagusa habari za programu, naomba tuanze na nakala zilizokwisha kutoka mikononi mwenu. Samaki mbichi hutunzwa karibu na joto la barafu inayoyeyuka, yaani sifuri au juu yake kidogo. Kwenye nyuzi 14 bakteria huzaliana kwa kasi, na dereva anayefuata mwongozo wenu kwa uaminifu ndiye atakayeharibikiwa na mzigo. Kwa hiyo leo hii andikeni sahihisho la karatasi moja: jina la mwongozo, ukurasa, sentensi yenye kosa, sentensi sahihi, tarehe. Lipigeni picha na kulituma kwenye magrupu yaleyale ya BMU na madereva, na nakala zilizobaki stoo zibandikwe sahihisho hilo kabla hazijatoka. Kumtafuta aliyekosea kutafuata baadaye.

Nikilisoma swali lako naona mambo matatu yamefungwa pamoja: nani aliandika 14, kwa nini hakuna aliyeiona, na mtumie programu gani. Mkurugenzi ameshika la kwanza, wenzako wameshika la tatu. Mimi naona uzito wote uko kwenye lile la pili, lakini nitayajibu yote.

Tuanze na la nani, kwa sababu huenda likajibika kuliko mnavyodhani. Faili la Word hubeba ndani yake taarifa zake lenyewe: aliyeliunda, aliyelihifadhi mara ya mwisho, na saa lilipohifadhiwa. Taarifa hizo husafiri na faili hata likipita WhatsApp. Kinachopotea njiani ni jina na tarehe ya nje: kwenye simu nyingi za Android faili likipakuliwa huweza kugeuka kuwa DOC na namba ndefu, na tarehe inayoonekana kwenye simu ni ya kupokea, si ya kuandika. Basi msipange mafaili kwa tarehe za simu. Yakusanyeni yote ishirini kwenye kompyuta moja, mfanye nakala ya folda nzima ambayo haitaguswa na mtu (kwa sababu ukifungua faili na kulihifadhi, taarifa zile zinabadilika), kisha fungueni kila moja kwenye nakala ya kazi, muangalie taarifa zake chini ya menyu ya File, na myapange kwa saa ya kuhifadhiwa mara ya mwisho.

Hapo msisome ishirini zote. Fungueni la katikati, muangalie sentensi ile tu. Likiwa na 14, kosa liliingia hapo au kabla ya hapo. Likiwa na 4, liliingia baadaye. Chukueni nusu iliyobaki, mfungue la katikati tena. Kwa mafaili ishirini hamtafungua zaidi ya matano. Mkishapata mawili yanayofuatana, moja lina 4 na lingine lina 14, tumieni kitufe cha Compare kilicho kwenye kichupo cha Review ndani ya Word. Kitawatolea hati ya tatu yenye tofauti zote zimewekwa alama. LibreOffice, ambayo ni ya bure, nayo hulinganisha hati mbili, na kazi hii haihitaji mtandao.

Lakini jiandaeni kwa jambo moja: mafaili yenu hayakufuatana kwa mstari mmoja. Huenda watu wawili walipakua FINAL 2 usiku mmoja, kila mmoja akaendelea na lake. Kwa hiyo mnaweza kukuta 14 kwenye faili la Jumanne, kisha 4 ikarudi kwenye faili la Jumatano, kisha 14 tena Alhamisi. Kompyuta haijachanganyikiwa, ni dalili kwamba kuna mtu alifanya kazi juu ya nakala ya zamani bila kujua, na kazi ya mwenzake ikaachwa nyuma. Nina hakika mkiangalia vizuri mtakuta na masahihisho mengine mazuri yaliyopotea kwa njia hiyohiyo. Yaokoeni mkiwa hapohapo.

Sasa tahadhari, na hii naomba mkurugenzi aisome mwenyewe. Jina linaloonekana kwenye taarifa za faili ni lile lililosajiliwa kwenye Word ya kompyuta ile. Fundi wa dukani akiweka “User” au “Admin” wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, kila anayekaa kwenye kiti kile ataandika kwa jina hilo. Hata jina la mtu halisi linaonyesha kompyuta tu, halionyeshi kidole. Na hata mkimpata kwa hakika, mtakuwa mmempata mtu ambaye kidole chake kiliteleza kwenye 1 kabla ya 4. Baada yake wamesoma wengine sita, akasoma na mkurugenzi kwa kalamu nyekundu, na mwongozo ukaenda kiwandani kuchapwa. Ofisi inayotumia historia ya hati kama mtego hupata matokeo ya ajabu: watu huacha kuandika kwenye hati ya pamoja, wanaandika kwenye faili la siri, kisha siku ya mwisho wanabandika kurasa kumi kwa mkupuo. Historia hapo itaonyesha jina moja na badiliko moja kubwa, na haitawafaa kitu.

Hiyo inanileta kwenye dhana ya wenzako wote wawili, yule wa programu ya kulipia na yule wa Google Docs. Wote wanaamini ugonjwa ni Word kukosa historia. Siyo. Ugonjwa ni nakala. Kila faili linapotumwa WhatsApp, linazaliwa faili jipya lisilomjua mama yake. Mkihamia Google Docs na mkaendelea kupakua, kutuma kwenye grupu na kupandisha tena, mtakuwa palepale. Hata ndani ya Google Docs kwenyewe, mtu akichagua kutengeneza nakala ya hati, nakala hiyo huanza historia yake upya kuanzia sifuri. Ile ya zamani inabaki kwenye hati mama. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa, mtumie programu yoyote: tuma kiungo, usitume faili. Grupu la WhatsApp libaki kuwa mahali pa kusema “nimemaliza sura ya nne, iko tayari kukaguliwa,” na kiungo chini yake.

Nieleze kidogo historia hii inavyotunzwa, maana ukielewa hapo utaelewa kwa nini 14 ilipita. Wazo hili ni la watengeneza programu za kompyuta. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs huko Marekani alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS, ambao badala ya kuweka faili zima kila mara, uliweka tofauti tu: mstari gani umeongezwa, upi umeondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, iliyoweka toleo la sasa likiwa kamili na kurudi nyuma kwa tofauti. Mwaka 2005 Linus Torvalds akatengeneza Git, ambayo hupiga kama picha ya mradi wote kila unapothibitisha mabadiliko, na kila picha hupewa alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, kiasi kwamba herufi moja ikibadilika, alama nayo inabadilika. Google Docs na wenzake hurekodi kila tendo linapotokea, herufi kwa herufi, pamoja na akaunti na saa.

Njia zote hizo zina ukomo mmoja. Zinaona herufi, hazioni maana. Kwa programu, 4 kuwa 14 ni herufi moja imeongezwa, jambo dogo kuliko yote. Mtu akihamisha aya nzima kutoka ukurasa wa tano kwenda wa saba bila kugusa neno, mara nyingi utaona aya imefutwa huku na aya mpya imezaliwa kule, rangi tele. Jicho la mkaguzi hukimbilia penye rangi nyingi. Nakuhakikishia sehemu kubwa ya makosa ya namba hupita siku ile ambayo mtu amebadilisha fonti, amepanga vichwa vya habari, amesogeza majedwali, na humohumo akarekebisha sentensi mbili tatu. Basi liwekeni hili kama sheria ya ofisi: duru ya kusahihisha maudhui iwe peke yake, na duru ya kupamba hati iwe peke yake. Anayepamba asiguse neno. Anayesahihisha neno asiguse fonti. Hii ni bure kabisa, na kwa maoni yangu inaokoa zaidi ya programu yoyote mtakayonunua.

Na historia inajibu nani na lini. Haijui kwa nini, wala kwa idhini ya nani. Hayo mawili lazima watu wayaandike wenyewe, na ndiyo kazi inayoitwa ukaguzi.

Daftari la mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba linaaminika kwa sababu deni likilipwa hukatwa mstari na tarehe kuandikwa pembeni. Namba ya zamani bado inasomeka. Hati yenu ifanye hivyohivyo. Kwenye Google Docs kuna hali ya kupendekeza, iliyoandikwa Suggesting. Kwenye Word inaitwa Track Changes. LibreOffice nayo ina ya kwake. Ukiwa kwenye hali hiyo, unachofuta hakiondoki bali kinakatwa mstari, unachoongeza kinapata rangi na jina lako, na hakuna kinachokuwa sehemu ya hati mpaka mtu akikubali. Laiti 14 ingeingia kwa njia hiyo, mtu mmoja angelazimika kuiangalia peke yake na kubonyeza “kubali” au “kataa”.

Msiishie kuwaomba watu wakumbuke kuwasha hali hiyo, kwa sababu hawatakumbuka. Tumieni ruhusa. Google Docs ina ngazi tatu: anayeweza kuhariri, anayeweza kutoa maoni, na anayeweza kutazama tu. Mwenye ruhusa ya maoni anaweza kupendekeza mabadiliko, ila hawezi kuyafanya moja kwa moja. Gawanyeni mwongozo kwenye hati za sura, mwenye sura apewe kuhariri sura yake, wengine wote wapewe maoni. Kumbuka tu kwamba historia ya matoleo huonekana kwa mwenye ruhusa ya kuhariri. Asiyeiona asidhani imefutwa.

Kisha chagueni mtunza hati mmoja. Yeye ndiye anayekubali au kukataa mapendekezo, na la kwake mwenyewe likubaliwe na mtu mwingine. Kila pendekezo linalogusa namba, dawa, kipimo, sheria au usalama liwe na maoni pembeni yanayosema kwa nini na limetoka wapi. Mfano: “Nimeweka 0 hadi 4 kama ilivyo kwenye kitini cha mafunzo, ukurasa wa 9.” Mwandishi huchukua nusu dakika kuandika hivyo, na baada ya mwaka mmoja, wakati aliyeandika amehamia shirika lingine, ndiyo sentensi pekee itakayomsaidia mwenzake.

Nadhani pia ukaguzi wenu unafanyika kwa “naomba mpitie” kwenye grupu. Watu saba wanaweka dole gumba. Dole gumba lile limekubali toleo lipi? Lile la asubuhi au lililotumwa saa tisa? Nani amesoma kurasa zote na nani amefungua ya kwanza tu? Idhini lazima ishikamane na toleo. Mkaguzi atajwe kwa jina, apewe sura yake, apewe siku ya mwisho, na aandike: “Nimekagua toleo 2.3, sura ya 4, namba zote.” Kwenye Google Docs unaweza kumtaja mtu ndani ya maoni kwa alama ya @ na kumkabidhi kazi hiyo, ikabaki wazi mpaka aifunge. Na kwa namba, fanyeni jambo moja la ziada: mtu ambaye hakuandika aorodheshe kila namba iliyo kwenye mwongozo kwenye jedwali, kisha aziangalie moja moja dhidi ya chanzo chake, kwenye faili lilelile la PDF linalokwenda kiwandani, si kwenye rasimu.

Kuhusu majina: tupeni neno FINAL. Kwenye historia ya Google Docs (bonyeza Ctrl+Alt+Shift+H kwenye kompyuta ya Windows) unaweza kulipa toleo jina lake. Fanyeni hivyo, kwa sababu matoleo yasiyo na majina huweza kuunganishwa na mfumo kadiri muda unavyopita ili kuokoa nafasi, na ile hatua ndogo uliyoitaka ikapotea ndani ya kubwa. Hati moja hupokea hadi majina 40, kwa hiyo msipe jina kila jioni, lipeni pale palipotokea uamuzi: “2.0 imekubaliwa na mkurugenzi”, “2.1 baada ya maoni ya BMU”, “2.2 imekwenda kiwandani”. Namba hiyohiyo na tarehe viwekwe chini ya kila ukurasa, ili mtu wa Ukerewe akishika karatasi ajue ameshika ipi. Na msiogope kurejesha toleo la zamani: kurejesha hakufuti yaliyofuata, kunaongeza hatua mpya tu juu yake.

Kalamu nyekundu ya mkurugenzi isiwape tabu. Kuna watu wanaona makosa kwenye karatasi ambayo hawayaoni kwenye kioo, na huenda yeye ni mmoja wao. Anachotakiwa ni karatasi yenye namba ya toleo chini yake, na mtu mmoja wa kuingiza masahihisho yake kama mapendekezo, akiandika “karatasi ya mkurugenzi, ukurasa wa 12”. Karatasi yenyewe ipigwe picha na kuwekwa kwenye folda.

Sasa Ukerewe. Wasiwasi wako ni wa haki. Google Docs hufanya kazi bila mtandao kwenye kivinjari cha Chrome au Edge, lakini lazima uwashe uwezo huo mapema, mtandao ukiwepo, kwenye kompyuta unayoitumia wewe. Ukingoja mtandao ukatike ndipo uuwashe, umechelewa. Unachoandika hukaa kwenye kompyuta na kupanda mtandao ukirudi. Tatizo liko hapa: watu wawili wakigusa sentensi ileile huku mmoja hana mtandao, mfumo utaunganisha herufi za wote wawili bila kuuliza nani yuko sahihi, na sentensi inaweza kutoka imevurugika. Ndiyo sababu nyingine ya kugawa kwa sura.

Kwa wiki ambazo mtandao umekufa kabisa, rudini kwenye utaratibu wa SCCS na RCS: kufunga na kufungua. Anayechukua sura ya tatu anaandika kwenye orodha ya pamoja, au hata kwa ujumbe mfupi wa kawaida, “nimechukua sura ya 3, toleo 2.1.” Tangu hapo hakuna mwingine anayeigusa. Yeye anafanya kazi kwenye Word, Track Changes ikiwa imewashwa, na jina lake limeandikwa kwenye mipangilio ya programu badala ya “User”. Akirudisha, mtunza hati anailinganisha na toleo 2.1, anaingiza, anaifungua kwa wengine. Hapa tu ndipo naruhusu faili lipite WhatsApp, kwa sababu kuna mtu mmoja anayejua limetoka wapi na linarudi wapi.

Je, mnunue programu? Kwa watu saba na mwongozo mmoja, hapana, si sasa. Kama ofisi tayari inalipia Microsoft 365, basi Word pamoja na OneDrive ina historia ya matoleo na uandishi wa pamoja, na hakuna sababu ya kuhama. Kama hamlipii, Google Docs inatosha. Kama miongozo itakuwa kumi na mingine inabadilika kila mwezi, fikirieni “wiki” ya ndani, yaani tovuti ya ofisi ambayo kurasa zake huhaririwa na watu wengi. DokuWiki, kwa mfano, ni ya bure, huweka kurasa kama mafaili ya kawaida ya maandishi bila hifadhidata, na inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya ofisi na kusomwa na wote waliomo kwenye mtandao wa ofisi hata intaneti ikikatika. Faida yake kubwa ni kisanduku cha muhtasari kila unapohifadhi, mahali pa kuandika kwa nini. Hasara yake ni kwamba wenzenu wa visiwani hawataifikia bila intaneti, na mtahitaji mtu wa kuitunza.

Git mtaisikia kwa vijana wa kompyuta, na ni chombo kizuri mno kwa hati za maandishi matupu. Lakini faili la Word kwa ndani ni kifurushi kilichobanwa chenye vipande vingi, na Git peke yake haiwezi kukuonyesha sentensi iliyobadilika humo. Labda mkiwa na watu wawili wanaoijua na mkaamua kuandika kwa maandishi matupu. Kwa sasa ingewachelewesha.

Jambo ambalo watu husahau: historia hutunza na yale mliyotaka yaondoke. Kama rasimu ya kwanza ilikuwa na majina na namba za simu za wavuvi, kuyafuta leo hakuyaondoi kwenye matoleo ya nyuma, na kila mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuyaona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na shirika dogo nalo linahusika. Vilevile Track Changes ikifichwa haijaondoka. Ukimtumia mfadhili faili la Word lenye mabadiliko yaliyofichwa, anaweza kuyafungua na kusoma mabishano yenu yote ya bajeti. Nje ya ofisi pelekeni PDF iliyotokana na toleo lililokubaliwa.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi, mtafute mtu wa kukaa naye mezani. Kama mwongozo huu utatumiwa na kiwanda cha minofu ya sangara ndani ya mfumo wake wa HACCP (wa kubaini na kudhibiti hatari za usalama wa chakula), au na taasisi iliyothibitishwa kwa ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), basi udhibiti wa hati una masharti yake. Kwenye toleo la 2015 la ISO 9001 yako kwenye kifungu cha 7.5. Kaeni na ofisa ubora wao kabla ya kuchagua utaratibu, na mambo ya usalama wa chakula muulizeni ofisa wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo ilichukua jukumu hilo mwaka 2019. Kanda hii ilikwisha kuonja uchungu wake mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa nyakati tofauti samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu za usalama. Baada ya hapo hakuna mnunuzi wa nje anayeridhika na neno la mdomo. Anataka karatasi, na anataka kujua ni toleo gani.

Kama diski au flashi yenye mafaili ya zamani imeharibika, acheni kuitumia mara moja na ipelekeni kwa fundi wa kurejesha data. Kila mnapoandika kitu kipya juu yake mnapunguza kinachoweza kuokolewa. Kama mkurugenzi anafikiria hatua za kinidhamu kwa sababu ya ile 14, asiegemee taarifa za faili bila kuzungumza na mwanasheria na mtaalamu wa kompyuta atakayezikagua mwenyewe.

Na la mwisho mlifanye wiki hii: fungueni folda ya pamoja na kuangalia mmiliki wake ni nani. Mara nyingi ni Gmail binafsi ya kijana aliyeianzisha. Akiondoka na kuifuta akaunti yake, hati zinaweza kuondoka naye pamoja na historia yote. Kama shirika lina akaunti zake, hati zianzishwe humo. Kama halina, fungueni moja ya ofisi, nywila yake ijulikane na watu wawili, na mwombeni kijana yule ahamishe umiliki angali yupo kazini.